Chupa ya Chai Yenye Uzi

Nilikwenda kupigwa picha ya tumbo kwa sababu ya maumivu ya kiuno, nikishuku mawe ya figo. Figo zikakutwa salama. Daktari akakirudisha kile kifaa chini ya mbavu za kulia, akakizungusha kidogo, kisha akauliza, "Unakunywa pombe?" Mimi, mtoto wa Wete, Pemba! Nikacheka. Yeye hakucheka. Ini langu lilikuwa jeupe kwenye skrini kupita kiasi, dalili ya kujaa mafuta. Na haliumi. Lingeweza kukaa hivyo miaka nisijue.

Nikaanza kujitetea: vitu vya kukaanga nimeshapunguza, sambusa ni za Ramadhani tu. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. "Na sukari?"

Hapo nilinyamaza. Kumbe sukari tunayotia kwenye chai ni nusu glukozi, nusu fruktozi. Glukozi hutumika mwili mzima, lakini fruktozi mzigo wake mkubwa huliangukia ini, nalo likizidiwa huigeuza mafuta na mengine kuyaweka humo humo. Boflo na chapati za unga mweupe, zikizidi haja ya mwili, nazo mwisho wake ni huo. Mtu anaweza asiguse nyama ya mafuta akalijaza ini lake kwa chai na maandazi.

Usiku nikapiga hesabu. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe: vijiko 12, karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linashauri tusizidishe asilimia 10 ya nguvu ya chakula kutokana na sukari ya kuongezwa, na ikiwezekana tushuke chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25. Soda sijahesabu. Halua ninayoletewa kutoka Pemba sijahesabu, na sikutaka kuihesabu.

Tui nilitamani lisitajwe. Likatajwa: mafuta yake mengi ni ya aina ile inayoganda, na hayo yakizidi hulijaza ini kuliko ya alizeti. Wali wa nazi sasa ni Ijumaa. Kahawa chungu ya barazani, alhamdulillah, imesalimika. Wanywaji wa kahawa hata huonekana kuwa na nafuu ya maradhi ya ini. Kashata ndiyo imekosa mtetezi.

Dawa sikupewa. Nilikuwa na kilo 86. Nikipungua asilimia 5 mafuta yataanza kutoka, na kati ya 7 na 10 hata kuvimba kwa ini, kama kupo, kunaweza kutulia. Miezi mitatu, nimetoa kilo nne.

Kazi ilikuwa kwa Mama. Kwake sukari hutiwa kwenye birika, hakuna cha kuchagua. Nilipomwambia nataka chai isiyo na sukari alinitazama kama niliyemkata maini. "Mwanangu, nimekukosea nini?" Nikamweleza. Hakujibu, akaenda zake jikoni.

Asubuhi yake nikakuta chupa mbili mezani, moja imefungwa uzi mwekundu shingoni. Ya uzi ni yangu. Mjomba alipokuja kutoka msikitini akajimiminia hiyo hiyo, akapiga funda moja, akaitazama ile chupa, akamtazama Mama.

"Sukari imepanda bei?"