Sponji za Godoro

Jana nililipasua godoro kuukuu la chumba cha watoto ili nipate sponji ya kujazia mito, na kisu kilipozama tu, ile harufu ya vumbi na jasho la miaka ikanitoa sebuleni na kunirudisha kando ya barabara, pale mlima unapoanza kupanda kutoka Mikindani kwenda Mtwara mjini. Binti yangu, aliyekuwa akinishikia upande wa pili, aliniuliza kwa nini ninakata vipande vya ukubwa wa kiganja wakati mto unataka vipande vidogo. Sikuwa nimetambua kwamba mikono yangu ilikuwa ikikata sponji za wakimbiaji.

Ilikuwa miaka ile ya pilikapilika za gesi asilia, bomba la kuitoa Mtwara na kuipeleka Dar es Salaam likiwa bado linalazwa na Mtwara imejaa wageni wenye mishahara minono na jioni zisizo na shughuli. Baadhi yao waliamua kuandaa triathloni ya nusu masafa: kilomita 1.9 za kuogelea katika ghuba ya Mikindani, 90 za baiskeli kwenye barabara ya Lindi, kisha 21.1 za kukimbia. Walipotuona tumeduwaa, walituambia kwamba hiyo ni nusu tu ya ile kamili, iliyoanzia Hawaii mwaka 1978, ambako watu 15 waliingia majini na 12 wakafika mwisho. Mimi sikukimbia hata hatua moja. Nilichukuliwa kujitolea kwenye meza ya maji kwa sababu, kama mnavyojua, nina mwandiko mzuri, na mwandiko huo umeniponza zaidi ya mara moja.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe tulikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kulikatakata godoro lililotolewa sadaka na nyumba moja ya wageni, ili wakimbiaji wapate kitu cha kulowesha na kujikamulia kichwani. Ya pili ilikuwa kufungua chupa za soda nyeusi na kuzikoroga hadi gesi iishe, kwa kuwa mtu aliyehangaika juani saa nyingi anaihitaji sukari ile lakini tumbo lake haliyavumilii mapovu. Mwenzangu mmoja, kijana wa Chikongola, alikoroga kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kaka, kumbe na hii gesi tunaitoa wenyewe?" Tulicheka hadi mgeni aliyekuwa akitusimamia akataka kutafsiriwa, na katika watu wote wa kujitolea waliokuwapo, hakuna aliyejitolea kwa kazi hiyo.

Mgeni huyohuyo ndiye aliyetufundisha kanuni. Kikombe kishikwe kwa juu, kwenye ukingo, ili mkimbiaji akipokee bila kusimama. Sauti itangulie kutaja kilichomo, maji au soda. Na mtu akianguka, apewe cha kunywa na aitiwe muuguzi, lakini asisogezwe mbele na mkono wa mtu yeyote, maana anayesogezwa huondolewa. Alitusimulia habari za Julie Moss, ambaye mwaka 1982, huko Hawaii, aliishiwa nguvu akiwa anaongoza wanawake, akapitwa na Kathleen McCartney karibu kabisa na mwisho, na bado akatambaa kwa mikono na magoti hadi akavuka mstari, sekunde 29 nyuma ya mshindi. Msimuliaji alilengwa na machozi. Sisi tulitazamana, kila mmoja, nadhani, akijiuliza waliokuwa wamesimama kando waliiweka wapi mikono yao.

Asubuhi ya mashindano nitaipita haraka, kwa kuwa haikuwa na jipya: kulikuwa na upepo wa kusi, ngalawa zilizosogezwa kupisha waogeleaji, na watoto wakipiga kelele kila baiskeli ilipopita. Ilipokaribia saa nane mchana, namba 31 alitokea kwenye kona akikimbia kiubavu, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja. Zilipobaki kama hatua ishirini afike kwenye meza, alikaa chini. Hakuanguka, alikaa, taratibu, katikati ya vumbi, kama mtu aliyefika kwake. Nilimkimbilia nikiwa na kikombe mkono mmoja na sponji mkono mwingine. Chumvi ilikuwa imemganda kwenye nyusi na mbavuni mwa fulana kwa mistari myeupe, na midomo yake ilikuwa ikitikisika bila kutoa neno. Alikinyoosha kiganja, si kwa kuomba maji, bali kwa kuomba kuinuliwa. Nami nikasimama mbele yake nikisema, "Maji? Soda? Maji?" kama karani wa duka asiyemwelewa mteja, huku kiganja kile kikiwa bado hewani.

Ng'ambo ya barabara alikuwako mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiuza ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, ambaye sote tulikuwa tukimwita shangazi. Aliliacha sinia lake, akavuka huku akikaza kanga kiunoni, akaninyang'anya sponji na kumkamulia yule mtu kisogoni. Kisha akanigeukia. "Mwanangu, mtu yuko chini, na wewe unamtangazia biashara?" Hakungoja jibu. Alimpenyezea mikono kwapani, akamwinua, akauweka mkono wa mkimbiaji shingoni mwake mwenyewe, wakaanza kutembea. Walipita mbele ya meza yangu. Nilizihesabu hatua, kwa kuwa kuhesabu ndiko kulikokuwa kazi yangu: 40, hadi kwenye kivuli cha mwembe, ambapo alimwachia, akampiga kofi dogo mgongoni, naye akaendelea peke yake.

Karatasi yangu ilikuwa na safu ya msaada usioruhusiwa. Niliitazama kwa muda mrefu, kisha nikaandika, kwa ule mwandiko wangu mzuri, kwamba namba 31 alisaidiwa hatua 40, na nikaongeza, "bila yeye kusema neno," nikidhani kwamba maneno hayo yangemtetea. Hayakumtetea. Jioni matokeo yaliposomwa, namba yake haikutajwa, ingawa nilimwona kwa macho yangu akivuka mstari.

Mwaka 2016 nilipotazama Mwingereza Alistair Brownlee akimkokota mdogo wake Jonathan, mshindani mwenzake, hadi mwisho wa triathloni ya Cozumel, Mexico, na mdogo mtu akabaki na nafasi yake ya pili, nilizima televisheni nikatoka nje. Nafahamu kwamba kanuni za mahali pale wakati ule ziliruhusu mshindani kumsaidia mwenziwe. Niliyaeleza hayo kwa mke wangu, ambaye hakuwa ameniuliza.

Siku mbili baada ya mashindano nilipita njia ile kwa miguu, na shangazi akaniita kutoka ng'ambo. Nilidhani atanisema. Alitaka tu kujua jambo moja.

"Yule mwanangu alifika?"

"Alifika, shangazi."

"Haya," akasema, akarudi kupanga vifungu vyake. Nilinunua ming'oko ya shilingi elfu mbili, nyumbani ikiwa imejaa sufuria nzima.