Kutoka raundi ya wodi hadi kurasa za jarida

Daktari anayefundisha wodini hapa Nairobi hakosi cha kuandika. Kila wiki kuna kundi la wanafunzi limemzunguka mgonjwa mmoja, wa nyuma wakinyoosha shingo bila kuona mkono wa mwalimu umegusa wapi. Sisi tuliamua wanafunzi wa mwaka wa sita wawafundishe wa mwaka wa nne kupima kifua, kwa vikundi vidogo, jioni, mwalimu akiwa karibu. Mpango ulishika, na mimi nikapewa kazi ya kuuandikia makala ya jarida la elimu ya tiba. Kilichonichukua muda si kuandika bali kupata swali la utafiti.

Jarida la kwanza lilijibu upesi. Mhariri aliandika kwa adabu kwamba mpango ni mzuri, ila haoni mwalimu wa Brazil au Malaysia atapata nini ndani yake. Makala haikufika hata kwa wahakiki, wale wataalamu wanaoipima kabla ya kuchapishwa. Nilinuna, kisha nikaisoma upya kwa macho yake. Ilisema tulifanya hivi, wanafunzi walipenda, basi. Kwa ngazi nne za Kirkpatrick ambazo walimu wa tiba huzitaja sana, kupenda ni ngazi ya chini kabisa. Juu yake kuna kujifunza, kubadili utendaji, na matokeo kwa mgonjwa au kwa taasisi.

Mkutubi wetu ndiye aliyenielekeza kwa David Cook, Georges Bordage na Henk Schmidt. Mwaka 2008 waligawa tafiti za elimu ya tiba katika mafungu matatu: zinazoeleza kilichofanywa, zinazouliza kama kilifaa, na zinazochimba kwa nini kilifaa, kwa nani, katika mazingira gani. Walipopitia majaribio yaliyokuwa yamechapishwa katika majarida, fungu la tatu lilikuwa asilimia 12 tu. Hapo nikaelewa mhariri alikuwa anadai nini. Kenya, Kanada au Uholanzi, kila mahali kuna mwanafunzi anayeogopa kumwuliza daktari bingwa swali analoliona la kijinga. Kwa nini swali hilohilo linamtoka bila shida mbele ya mwenzake aliyemtangulia miaka miwili? Huyo mwenzake juzi tu alikwama palepale, na bado anakumbuka palipomkwamisha. Mpango wetu ukawa mahali pa kulichunguza swali hilo, si habari yenyewe. Data ilikuwa ileile, mahojiano ya vikundi yaleyale. Utangulizi na mjadala nikaviandika upya tangu mwanzo.

Kuhusu vibali, nashukuru tulianza navyo. Walimu wengi hudhani kuwahoji wanafunzi wao ni sehemu ya kazi ya kila siku, kisha jarida linauliza jina la kamati ya maadili na nambari ya kibali, na kamati haitoi kibali kwa utafiti uliokwisha kufanyika. Hapa Kenya unaanza na kamati ya maadili inayotambuliwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, halafu unaomba leseni ya NACOSTI yenyewe kwa mtandao, halafu hospitali au chuo kinakupa ruhusa ya kuingia. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kamati zinauliza pia sauti ulizorekodi utazihifadhi wapi na nani atazisikia.

Swali zito zaidi la kamati lilinihusu mimi. Mwanafunzi ninayemsahihishia mtihani ataniambia vipi kwamba hataki kushiriki? Atakubali, bila shaka, na kukubali kwake hakutakuwa na maana. Kwa hiyo msaidizi wa utafiti asiyefundisha katika idara yetu ndiye aliyewaita, akawaeleza, akachukua saini na kuendesha mahojiano. Mimi niliona maandishi baada ya majina kuondolewa na alama za muhula kutangazwa. Jambo hilo lilirefusha kazi, lakini wahakiki walipouliza uhusiano wangu na washiriki, jibu lilikuwa tayari limeandikwa.

Majina ya waandishi yana siasa yake. Vigezo vya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ni vinne, na mtu anatakiwa atimize vyote: awe amechangia wazo, data au uchambuzi, ameandika au kuikosoa rasimu kwa kina, ameidhinisha nakala ya mwisho, na yuko tayari kuijibia kazi hiyo. Profesa wetu alikuwa amesaidia kubuni mpango, lakini rasimu hakuwa ameigusa. Nilimwendea ofisini na karatasi.

"Daktari, kwani jina langu lina shida gani?"

"Halina shida, Prof. Naomba tu uisome, uichanechane, ndipo jina likae vizuri."

Aliichanachana kwelikweli. Aya nzima ya mjadala aliifuta, na nadhani alikuwa sahihi. Mkuu wa wodi aliyetufungulia milango tulimweka kwenye shukrani, naye hakulalamika. Programu za akili bandia haziwezi kuwa mwandishi. Tangu 2023 ICMJE inataka pia useme kama umezitumia na kwa kazi gani.

Kuchagua jarida la pili kulianza na pesa. Majarida ya wazi, yanayosomwa bure, kama BMC Medical Education humtoza mwandishi zaidi ya dola 2,000. Kenya ilihamia kundi la nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini, baada ya hesabu za uchumi wake kupigwa upya mwaka 2014, kwa hiyo msamaha kamili wa ada hiyo si jambo la kutegemea. Omba mapema, kabla ya kutuma, si baada ya makala kukubaliwa. Medical Teacher na Medical Education hukuruhusu kuchapisha bila ada, ila msomaji ndiye anayelipia. African Journal of Health Professions Education, la Afrika Kusini, lina wasomaji wanaoijua wodi iliyojaa bila kuelezwa. Nilisoma makala za karibuni za kila moja kupitia Hinari, mpango wa kuzifungulia taasisi za nchi za kipato kidogo majarida ya tiba, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, kwa nywila ya maktaba. Jarida ambalo hujawahi kulisoma usilipelekee makala. Na zile barua pepe zinazokuita msomi mtukufu na kuahidi kuchapisha wiki ijayo, futa tu. Ukiwa na shaka, litafute jarida kwanza katika DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida ya wazi yaliyokaguliwa.

Kutuma kwenyewe ni uchovu tu. Faili ya jina na anwani kando, faili ya makala isiyo na majina kando, barua kwa mhariri, nambari za ORCID, za kumtambulisha kila mtafiti, zenye tarakimu 16, za waandishi wote (mwenzangu mmoja alikuwa nazo mbili na hakukumbuka nywila ya hata moja). Uhakiki ukiwa wa kuficha majina, futa pia jina la hospitali, nambari ya kibali, na jina lako lililojificha ndani ya sifa za faili. Halafu tulia na jarida hilo moja. Kutuma makala moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja ni kosa la kimaadili.

Maoni ya wahakiki yalikuja marefu kuliko mjadala wetu. Wa kwanza alitaka tufuate orodha ya SRQR ya mwaka 2014, yenye vipengele 21 vya kuripoti utafiti wa maelezo, yaani usiotegemea takwimu, na aliuliza namna tulivyotafsiri maneno ya wanafunzi waliochanganya Kiingereza, Kiswahili na Sheng. Haki yake, tukaongeza. Wa pili alitaka hesabu za takwimu kwenye mahojiano. Hapo tulikataa: tulimshukuru, tukaeleza kwamba swali letu halikuwa la wangapi bali la kwa nini, tukanyoosha aya ya mbinu ili msomaji mwingine asiulize hivyo. Mhariri alikubali. Wengi hapa kwetu hudhani mhakiki ni mtihani wa kufaulu kwa kusema ndiyo kila mahali. Unaweza kukataa, mradi utoe sababu na lugha iwe na staha.

Mhakiki huyo wa pili alishauri pia tumtafute mtu aliyezaliwa na Kiingereza aisafishe makala. Mwenzangu, aliyesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, alitaka kumwandikia majibu yake binafsi. Nikamsihi tuzihesabu kwanza sentensi zenye mistari mitano. Zilikuwa nyingi. Tukazikata, na kwenye barua ya majibu tukaandika tu kwamba tumefupisha sentensi.

Barua hiyo niliipanga kwa jedwali: maoni ya mhakiki neno kwa neno, jibu letu, kisha ukurasa na mstari palipobadilishwa. Mhariri mwenye makala nyingi mezani hatafuti mabadiliko, mwonyeshe yalipo.

Baada ya kukubaliwa zilikuja nakala za kusahihisha, za kurudishwa ndani ya siku chache. Angalia majina kwanza. Mchapishaji alikuwa amegeuza jina la ukoo la mwenzetu kuwa la kwanza, na lingepita hivyo, utafutaji wowote wa kazi zake ungemkosa. Angalia majedwali, kisha soma mkataba wa haki miliki, maana ndio unaosema ni nakala ipi unaruhusiwa kuiweka kwenye hazina ya chuo na baada ya muda gani. Yetu ilikuwa ile iliyokubaliwa, kabla ya kupangwa kurasa. Mkutubi aliipakia, na kiungo chake nikakituma kwa wanafunzi, ambao wakati huo walikuwa wamefika mwaka wa tano.