Wiki ya Ngazi: Mwaka Wangu wa Kwanza Stuttgart

Nilitoka Tanga kumfuata mume wangu Stuttgart mwishoni mwa Oktoba, majuma ambayo saa za Ulaya hurudishwa nyuma na tofauti na nyumbani ikawa saa mbili badala ya moja. Visa ya kumfuata mwenza hudai cheti cha Kijerumani cha daraja la A1. Nilikisomea Dar es Salaam, pale Goethe-Institut, kwa hiyo nilishuka uwanja wa ndege nikiweza kuuliza bei, njia na saa. Vitabu vilinifundisha stesheni, duka la mikate na zahanati. Habari za ngazi, mapipa na madirisha hazikuwamo, nazo ndizo zilizonishughulisha mwaka mzima.

Katikati ya mji ni bondeni, na vilima vimelizunguka bonde hilo karibu pande zote. Mizabibu imepandwa ndani ya mji kabisa, miteremko mingine inaonekana ukitoka tu stesheni kuu. Mtaa wa juu na wa chini huunganishwa na ngazi za mawe ambazo wenyeji huziita Stäffele, ziko zaidi ya 400, na asiye na haraka huziacha zimchoshe polepole. Mwenye haraka hupanda treni ya meno, ile inayokwea mlima kwa gurudumu lenye meno, kutoka Marienplatz bondeni hadi mtaa wa Degerloch kilimani. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1884, na siku hizi treni husukuma mbele yake kigari cha kubebea baiskeli. Nilipanda siku za mwanzo kwa ajili ya kuangalia tu, nikaona mji wote uko chini, mapaa mekundu na ukungu juu yake.

Sisi tulipanga upande wa magharibi, ghorofa ya tatu, nyumba ya zamani isiyo na lifti. Ilikuwa tupu kwelikweli. Hakuna jiko, hakuna sinki la jikoni, hakuna kabati, na darini zinaning'inia nyaya tupu. Huku ni jambo la kawaida: anayehama huondoka na jiko lake na taa zake, au humuuzia anayeingia. Hapo mwenye nyumba ameshachukua amana, ambayo sheria inamruhusu ifike kodi ya miezi mitatu, bila kuhesabu gharama za maji na joto. Jiko tulipata la mtumba kwa familia iliyokuwa inahama, tukalibeba ghorofa kwa ghorofa. Taa ya kwanza mume wangu aliifunga amesimama juu ya sanduku langu la safari, mimi namwangazia kwa tochi ya simu. Ilipowaka tulikaa sakafuni tukala wali kwa maharage ya kopo, nikampigia mama. “Umekula, mwanangu?” Hilo ndilo swali lake la kwanza siku zote. “Nimekula, mama.” Nikageuza simu aone taa.

Makaratasi niyapitie haraka. Ukihamia nyumba una wiki mbili za kujiandikisha ofisi ya wakazi, na barua ya mwenye nyumba mkononi kuthibitisha kwamba unakaa pale. Aliyezoea kwenda kujitambulisha kwa mjumbe wa mtaa hatashangaa sana. Baadaye namba yako ya kodi inakuja kwa posta, na nyuma yake inakuja barua ya ada ya redio na televisheni ya umma, euro 18.36 kwa mwezi. Hulipwa kwa kaya, uwe na televisheni au usiwe nayo.

Sasa ngazi. Nilikuwa sijamaliza kutoa nguo sandukuni nilipokuta kibao kimetundikwa kwenye kitasa cha mlango wetu, kimeandikwa Kehrwoche. Ni wiki ya kufagia, na kibao kikiwa kwako, zamu ni yako. Iko ndogo na iko kubwa. Ndogo ni vidato kutoka mlangoni kwako hadi ghorofa inayofuata chini: ufagie, udeki, ufute mkono wa ngazi na ubao wa dirisha. Kubwa ni ya nyumba nzima: stoo za chini ya ardhi, ua wa mapipa, na njia ya waendao kwa miguu mbele ya nyumba. Theluji ikianguka, mwenye zamu ndiye mwenye koleo, na siku za kazi njia iwe imesafishwa ifikapo saa moja asubuhi.

Desturi hii ya nchi ya Waswabia, wenyeji wa eneo hili la Stuttgart, ni ya zamani sana. Mtawala Eberhard Ludwig alitoa amri ya kusafisha vichochoro vya Stuttgart mwaka 1714, na hata yeye hakuwa wa kwanza. Jiji lenyewe liliifuta zamu hiyo katika kanuni zake mwaka 1988. Kwenye mikataba ya upangaji haikufutika, na wetu umeiandika wazi.

Bibi wa ghorofa ya pili ndiye aliyenionyesha. Alitoka na ndoo yake, akaniamkia Grüß Gott, akashuka nami kidato kwa kidato. Maji yawe vuguvugu na sabuni kidogo, kwa sababu mbao za ngazi ni za zamani na maji mengi yanazivimbisha. Tambara likamuliwe hadi liache kudondoka. Pembeni, pale kidato kinapokutana na ukuta, alipiga magoti, akazungusha tambara kwenye kidole na kulipitisha taratibu hadi mwisho. Nami nikapiga magoti. Kudeki nimekujua tangu utoto, ila kwetu nilikuwa nadeki nyumba yetu. Hapa nilikuwa nadeki njia ya watu ambao majina yao niliyajua kwa kusoma kwenye kengele za mlangoni, na kila aliyepita Jumamosi ile alisimama, akasalimia, akashukuru. Baada ya zamu ile hakuna aliyenipita bila neno. Watu hulalamika kwamba Wajerumani hawakuzoei, unakaa miaka na jirani anakuita kwa jina la ukoo na kukutolea heshima ya mbali. Hilo lipo, bado tunaitana hivyo hivyo. Lakini bibi yule anajua siku nikiumwa, kwa kuwa anaona ngazi.

Ndani nako kulikuwa na ya kujifunza. Madirisha hufungwa kabisa majira ya baridi, vyumba vina joto kutoka kwenye mabomba ya ukutani, na mvuke ukikosa pa kutokea unatulia kwenye pembe za baridi, kuvu inaota nyeusi nyuma ya kabati. Dawa yake ni kufungua madirisha yote wazi kwa dakika chache, mara kadhaa kwa siku, joto likiwa limezimwa, kisha kufunga. Nchi yenye jua huwezi kuelewa kwa nini mkataba wa nyumba unazungumzia hewa. Ukisonga ugali utaelewa. Sufuria moja ya ugali inatosha kutia vioo vyote jasho, na nguo zikianikwa ndani kuanzia Novemba ni vivyo hivyo. Nasonga dirisha la jikoni likiwa wazi, nimevaa sweta, na ugali unatoka mzuri. Unga mweupe wa mahindi unapatikana maduka ya Waafrika, na ukiwa umekwisha wikendi, ule wa njano ambao Waitaliano hupikia polenta unatusitiri.

Kwenda dukani Jumapili hakupo. Katiba ya Ujerumani imeibeba ibara ya 139 ya Katiba ya Weimar, katiba ya zamani ya Ujerumani ya mwaka 1919, inayolinda Jumapili iwe siku ya kupumzika kazi, na maduka hufungwa isipokuwa machache, kama ya stesheni na ya vituo vya mafuta. Kelele nazo hupungua: hupigi nyundo, hutupi chupa kwenye pipa la vioo, na kuanzia saa nne usiku ni ukimya siku yoyote. Kinu changu cha thumu na tangawizi sasa hufanya kazi Jumamosi, juu ya taulo lililokunjwa, na viungo vilivyotwangwa naviweka friji viwe tayari. Mwanzoni Jumapili zilinielemea. Siku hizi ndiyo siku ninayoipenda, maana mume wangu hana zamu kiwandani na hakuna aliye na pa kukimbilia.

Taka hutengwa: pipa la kahawia la maganda na mabaki ya chakula, la kijani la karatasi, mifuko ya njano ya plastiki na makopo ya bati, na lingine la vilivyobaki. Chupa ya plastiki ya soda ina senti 25 zake, ya kioo ya bia senti 8, unazirudishia mashine ya dukani na kupewa karatasi ya kulipia. Hilo halikunipa taabu. Kwetu nani hajatumwa na kreti la soda tupu?

Mapishi ndiyo yaliyotufungulia milango zaidi. Waswabia wana chakula chao cha dengu na Spätzle, tambi laini za mayai, na dengu hutiwa siki mwishoni. Bibi aliniletea bakuli, bila soseji, kwa sababu aliniuliza kwanza ninachokula. Nami nikampelekea dengu za nazi na chapati. Alikula amesimama mlangoni, akataka kujua tui linaingia lini, kabla au baada ya kuiva. Nikamwambia tui zito mwisho, moto mdogo, usiache kukoroga lisije likakatika. Jumamosi iliyopita amenituma nimnunulie makopo mawili, akasisitiza yawe yale yale ninayotumia mimi.