Mchunga wa miiba na mchunga laini: wiki ya sita

Jumamosi nilirudi Kirumba, hapa Mwanza, kwenye bustani za mchicha karibu na ziwa, nikiwa na bahasha kumi za kaki. Bibi mwenye bustani alinikuta nimeinama kwenye tuta lake. "Mjukuu wangu, huo mchunga unaula au unausoma?" Nikamwambia, shikamoo bibi, nausoma. Akaniruhusu kuchuma hata yenye mbegu.

Ninaotafuta kuutenganisha ni Sonchus oleraceus na Sonchus asper, mimea miwili ya ukoo wa alizeti inayotoa utomvu mweupe ukiivunja. Nyumbani yote tunaiita mchunga. Inasemekana asper ndiyo yenye miiba mikali, lakini oleraceus iliyoota juani kati ya mawe nayo huwa na meno yanayochoma, kwa hiyo miiba peke yake siiamini tena.

Matumaini yangu yalikuwa kwenye chavua, ule unga wa maua, chini ya hadubini. Wiki za mwanzo niliona matone ya njano tu, kwa sababu chembe zimefunikwa na mafuta. Safari hii niliziosha kwa spiriti, nikaweka glisirini yenye tone la ile dawa ya zambarau ya vidonda. Zikafunguka! Chavua ya alizeti, niliyoiweka kwa kulinganisha, imejaa miiba mwili mzima kama nungunungu. Ya Sonchus ina kuta zilizoinuka, miiba imepanda juu ya kuta hizo, na katikati yamebaki mashimo yenye pembe, mfano wa sega la nyuki. Nimeiangalia hadi macho yakaniuma.

Ila oleraceus na asper, nilipozipanga pamoja, hadubini yangu haikunionyesha tofauti ya kutegemea. Njia ya Erdtman, mtaalamu wa chavua wa Uswidi, ya kusafisha chavua kwa anhidridi ya asetiki sehemu 9 na asidi ya salfuriki sehemu 1, siigusi ndani ya nyumba ya kupanga. Vipande vya shina navyo havikunisaidia: mirija ya utomvu ipo kotekote, na wembe unanata.

Kilichonitoa ni mbegu, na lenzi ya mkononi ilitosha. Ya oleraceus ina mikunjo ya kukatiza kati ya mistari yake ya urefu; ya asper ni laini na bapa, ina mistari tu. Baada ya hapo nikatazama chini ya jani, pale linapokumbatia shina: oleraceus ina masikio yaliyochongoka, asper yamejiviringa. Kati ya bahasha kumi, saba ni oleraceus, na mojawapo nilikuwa nimeiandika asper kwa sababu ya miiba. Nimefuta.

Kufanana kwao kwa chavua hakunishangazi sana. Asper ina kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 18, ndugu yao mwingine Sonchus tenerrimus 14, oleraceus 32, yaani jumla ya hizo mbili, na wataalamu wanaona oleraceus ilitokana na asper na tenerrimus kuchanganyika.

Jumamosi ijayo naenda Igoma na jembe dogo. Nataka Launaea cornuta, ule mchunga wa mboga, pamoja na mashina yake yanayotambaa chini ya udongo.