Mchanga wa Biano: anza na mwamba ulio chini yake

Tuliondoka Lubumbashi alfajiri, mwezi wa saba. Kazi ya mchanga ni ya kiangazi. Mvua zikianza njia inakuwa potopoto na ukuta wa shimo unaporomoka kabla hujaukwangua. Likasi ni kilomita 120 hivi za lami. Tukaipita, tukashika njia ya Tenke, na baada ya hapo gari likaanza kupanda uwanda wa Biano.

Juu kabisa miombo inakatika ghafla. Linabaki dilungu, nyasi tupu hadi upeo wa macho, na chini ya nyasi mchanga laini wa rangi ya kutu. Mchanga huu huhesabiwa katika jamii ya Kalahari, ile iliyosukumwa na upepo zamani. Ulitoka wapi? Jibu limo ndani ya zirkoni, punje ndogo ngumu zinazozaliwa zikiwa na urani ndani yake. Urani-238 hupungua nusu kwa miaka bilioni 4.47, urani-235 kwa miaka milioni 704, na zote mbili huishia kuwa madini ya risasi. Kila punje basi ina saa mbili, na moja humkagua mwenzake.

Hata hivyo hatukuanza juu. Tulisimama kwanza kwenye mteremko, mahali barabara imekata mwamba, tukabandua kilo 3 za jiwe la mchanga lililo chini ya uwanda. Wengi huruka hatua hii, na hapo ndipo kazi nzima huharibika. Zirkoni haifi. Punje ya miaka milioni 1,375, umri wa graniti nyingi za milima ya Kibara, inaweza kuwa imeletwa na upepo moja kwa moja, au imelala ndani ya jiwe hili miaka mamilioni, ikatoka jiwe lilipooza papo hapo. Umri wake ni wa graniti iliyoizaa. Hautaji njia iliyopitia, wala siku upepo ulipoiweka chini.

Kijijini tulimsalimia mkuu kabla ya kushika jembe.

"Munatafuta malakiti, yale mawe ya shaba? Huku hakuna, iko mchanga tu."

"Ndiyo huo mchanga wenyewe tunatafuta, papa."

Akatuonyesha mahali pasipolimwa. Tulikaa mbali na vichuguu, kwa kuwa mchwa hupandisha udongo wa chini na kuchanganya tabaka zote. Shimo lilikwenda mita 2. Ukuta ulikwanguliwa sentimita 10 kwa kisu safi, ndipo tukachukua kilo 3 kutoka chini kwenda juu, ili unaoanguka usichafue uliobaki. Mfuko ukatiwa ndani ya mfuko mwingine, na kikaratasi cha namba kikawekwa katikati ya yote miwili, maana wino wa nje hufutika njiani. Kwa tarehe ya kulazwa kwa mchanga, kwatzi, madini ya kawaida ya mchanga, ndiyo hupimwa, maana hukumbuka tangu lini haijaona jua: bomba la chuma lilipigwa nyundo ukutani, likazibwa upesi chini ya turubai jeusi. Mwanga wa jua kidogo tu hufuta kumbukumbu hiyo.

Kurudi Lubumbashi ndipo kazi ya subira ilipoanza. Chekecha kati ya mikromita 63 na 250 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Anayebakiza punje kubwa tu hupoteza alichokifuata: kwatzi ina uzito wa gramu 2.65 kwa sentimita ya ujazo, zirkoni karibu 4.6, kwa hiyo upepo unaobeba kwatzi ya mikromita 200 hubeba zirkoni ya kama 115. Kisha osha kwa karai, kama wachimbaji wa dhahabu, polepole, na hifadhi maji ya mwisho mpaka uyakague. Kausha, pitisha sumaku, halafu kimiminiko kizito cha gramu 2.9 kwa sentimita ya ujazo: kwatzi huelea, zirkoni huzama pamoja na madini mengine mazito kama rutili na turmalini. Tulitumia chumvi ya tungsteni, kwa sababu bromofomu, kimiminiko kizito kingine, ni sumu. Chumvi hiyo itengenezwe kwa maji yaliyotoneshwa kutoka mvuke tu. Chokaa ya maji ya bomba huigandisha, na ni ghali.

Chini ya hadubini mkono hupenda punje nzuri, angavu. Uzuie. Zile nyekundu zilizochakaa ndizo mara nyingi za kale, na ukiziacha umekata ukurasa mzima. Zipange zote zinazofuatana ndani ya epoksi, gundi inayokauka ngumu, zisage hadi nusu, zipigwe picha ya mng'ao ili leza, mwale unaotoboa punje ili urani na risasi zipimwe, isigonge mpaka wa kiini na ganda lililoota baadaye; ikigonga hapo hutoa umri wa katikati usiokuwa wa mwamba wowote. Tundu la leza ni mikromita 30 hivi. Pima punje 117 angalau: idadi hiyo hukupa uhakika wa asilimia 95 kwamba kundi la umri lenye asilimia 5 ya mchanga halikukuponyoka. Saa mbili zikipishana zaidi ya asilimia 10, sisi huitupa punje.

Sahani mbili za epoksi zimekwenda ng'ambo kwenye leza, ya mteremkoni na ya shimoni. Zikirudi na umri ule ule, upepo wa mbali hauna ushahidi hapa. Ikiwa ya shimoni ina kundi lisilokuwamo kwenye jiwe, ndipo tutapakia gari kwenda Mitwaba kuchukua mchanga wa mito ya Kibara.