Fremu sijengi, nakwenda Kolo

Kiinua mgongo changu hakijaingia hata benki, watu walikwisha kukipangia kazi. Kijana wangu wa kwanza alikuwa na mpango wa fremu tatu za kupangisha Mbagala, mbili za duka na moja ya saluni. Mdogo wangu wa Kibaha alikuwa na banda la kuku wa mayai. Jirani alikuwa na bodaboda mbili: "Unampa kijana, anakuletea hesabu kila jioni, wewe umekaa zako barazani." Na wale wengine, ambao huijua tarehe yako ya kustaafu kuliko wewe mwenyewe, walikuwa na shamba la matikiti huko Rufiji lililobakiza mtaji tu.

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, "Mama, wewe unataka nini?"

Nilistaafu mwaka 2023 nikiwa na miaka 60. Ni muuguzi mkunga, nimezalisha watu ambao sasa wanazalishwa watoto wao. Tulioangukia kwenye kikokotoo cha Julai 2022, ile kanuni ya kupiga hesabu ya mafao ya mstaafu, tunafahamiana kwa kuguna: asilimia 33 mkupuo, iliyobaki unalipwa pensheni ya kila mwezi. Kelele zake zilianza mbali. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma ilipounganishwa ikazaliwa PSSSF, kanuni zikaja na asilimia 25, watu wakapandwa na jazba mpaka Rais Magufuli mwishoni mwa mwaka uleule akasema turudi kwanza kwenye utaratibu wa zamani. Ikaja 33. Bajeti ya 2024 ikaipandisha kuwa 40. Nami nililalamika, tena kwa sauti. Lakini katika kulalamika huko niliona jambo moja: hela ya unga, mkaa na umeme inaingia kila mwezi mpaka siku nitakapofunga macho. Basi mkupuo si hela ya unga. Ni hela ya nini?

Tukakaa mezani na kijana wangu, daftari katikati. Fremu moja, kwa makadirio yake mwenyewe, milioni 15 mpaka kuweka geti la chuma. Kodi ya mpangaji mtaa ule laki moja kwa mwezi. Nikamwambia agawanye. Miezi 150. Yaani miaka 12 na nusu kabla fremu haijarudisha hata shilingi ya faida, na hapo mpangaji hajahama usiku na funguo, dalali hajala chake, kodi ya zuio haijakatwa, rangi haijabanduka.

Kilichonichekesha ni kwamba ndani ya kile kikokotoo chetu imo 12.5 hiyohiyo, na ndiyo miaka inayokadiriwa mstaafu ataishi akishaondoka kazini. Kwa hiyo siku fremu inamaliza deni lake, kwa hesabu ya wataalamu mimi napimwa sanda. Kijana akanyamaza, akazungusha kalamu. Halafu akasema, "Lakini Mama, zitabaki."

Naam. Zitabaki. Si ndiyo maana unazipenda?

Alicheka, nikacheka, chai ikaendelea. Ni mwanangu mzuri, wala simsemi vibaya. Nimewasomesha wote wanne, wa mwisho alimaliza chuo mimi bado niko wodini nakesha. Nyumba ya Kimara ina bati, ina tanki, ina choo cha ndani. Kadi ya bima ya afya ya NHIF ninayo. Asiye na paa ajenge, tena haraka, huyo simshauri kupanda treni. Mimi paa ninalo.

Sehemu kubwa ya mkupuo niliipeleka UTT AMIS, kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji, kwenye Mfuko wa Ukwasi, kwa sababu nikitaka kuchukua nauza vipande na hela inaingia baada ya siku chache za kazi. Sitafuti utajiri. Natafuta hela isiyokaa chini ya mto na isiyoombeka kirahisi. Mtu akija na shida ya papo kwa hapo namwambia ziko kwenye mfuko, ngoja niandike barua. Wengi hawangoji.

Sehemu nyingine ni ya kula. Nimelisema wazi kwenye kikao cha familia ili asije mtu akashtuka. Nilianza na vitu vya mwilini: godoro zuri (mgongo wangu umebeba akina mama miaka thelathini na zaidi), miwani ya kusomea yenye nguvu halisi badala ya zile za mezani sokoni, na meno mawili ya pembeni yaliyokuwa yananinyima mahindi ya kuchoma. Hivyo watu walivikubali. Mzee akitumia hela kwa maumivu, hakuna neno. Kazi ilianza nilipotangaza safari.

Miaka ya tisini nilifanya kazi Kondoa, mkoani Dodoma. Nilipokea wagonjwa kutoka vijiji vya Kolo, Pahi na Masange, nikala ugali wa uwele na mlenda mpaka nikauzoea, nikajifunza salamu za Kirangi za kutosha kumtuliza mzazi. Magari ya wageni yalikuwa yakipita na vumbi lake kwenda kuona michoro ya kale ya miambani huko Kolo. Sikuwahi kwenda. Siku ya mapumziko ilikuwa ya kufua, kusuka watoto na kulala. Michoro imekuwapo maelfu ya miaka, mimi nikiwa umbali wa safari fupi tu, na nikahamishwa kurudi Dar bila kuiona. Hilo lilinikaa rohoni.

Nikamchukua shoga yangu, mwalimu mstaafu mwenye goti bovu na mdomo mzima. Tukapanda treni ya SGR, daraja la kawaida, 31,000 kwa kichwa hadi Dodoma. Yeye alitaka dirisha, mimi nilitaka dirisha, tukapeana zamu Morogoro. Kwenye mahandaki ya baada ya Kilosa gizani alinishika mkono, akasingizia baridi. Kwa basi safari ile ilikuwa inatumaliza siku nzima na miguu inavimba. Sasa tulifika Dodoma chai ya kwenye chupa bado ya moto. Kesho yake Kondoa kwa basi, na barabara ambayo enzi zangu ilikuwa inatingisha figo sasa ni lami tupu hadi Babati.

Pale Kolo kuna ofisi ya mambo ya kale. Unalipa, unapewa kijana wa kukuongoza. Gari ndilo lililokula hela kuliko vyote, maana miamba imetawanyika vilimani na hakuna bajaji. Kutoka pale gari linapoishia unapanda kwa miguu. Tulipanda kwa kusimamasimama. Kijana alikuwa mstaarabu, kila tukihema anajifanya anatuonyesha mti. Akatueleza kwamba Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alifika mwaka 1951 akainakili michoro hiyo, na kwamba UNESCO iliiandika kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Akatuambia pia kuwa wenyeji bado wanapandisha matambiko yao Mungomi wa Kolo, kwa hiyo tusiguse chochote tutakachokuta chini ya mwamba.

Nilitegemea kitu kikubwa. Ni vidogo. Inabidi usogee, uvue miwani, uvae tena. Kisha macho yanazoea, na ule wekundu unaanza kutoka mwambani: twiga, pofu mnene (yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala), watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa. "Huyu ana nywele kama zangu za 1978," shoga yangu akasema, na kweli, ni afro tupu.

Kuna mchoro mmoja wataalamu wanaubishania. Mtu yuko katikati, wengine wamemshika mikono huku na huku. Kijana alisema wengine huona mwanamke anatekwa, anavutwa na wanaume wawili upande mmoja na wawili upande wa pili. Nilisimama pale muda mrefu. Mimi si mtaalamu wa miamba. Lakini nimeshika wanawake wengi sana namna ile, mmoja kwapa hili, mwenzangu kwapa lile, uchungu umekolea na magoti yamekataa. Nilichoona mimi ni mtu anayesaidiwa kusimama. Nikamwambia kijana, naye akatoa simu akaandika. Sijui ataifanyia nini, ila nilifurahi kuandikwa.

Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Goti la shoga lilifungwa khanga, akateremka kinyumenyume akitukana kwa heshima. Jioni tukala kuku wa kienyeji kwenye nyumba ya wageni, tukalala saa mbili.

Jumla ya safari nzima kwa watu wawili haikufika nusu ya bei ya bodaboda mpya. Naisema kwa sababu niliporudi na kuweka picha kwenye kundi la ukoo, simu zilianza. Binti yangu aliandika, "Mama nawe umeanza utalii?" akaweka vicheko. Binamu mmoja hakuandika, alipiga. Kama nina hela za kupanda treni kwenda kuangalia mawe, basi sina sababu ya kumnyima laki tatu.

Mwaka huohuo nilikuwa nimechanga harusi mbili na kipaimara kimoja, nikavaa sare, nikakaa kwenye kiti cha plastiki mpaka usiku wa manane nikisubiri pilau lililopoa. Hakuna aliyepiga simu kuuliza nazitoa wapi. Mzee wa kwetu akimwaga hela kwenye shughuli ya mwenzake ni mtu wa watu. Akijinunulia tiketi, ana hela za kuchezea. Binamu nilimpa elfu hamsini na picha ya twiga.

Sasa shoga yangu anataka Kigoma, akawaone sokwe wa Gombe. Nimemweleza kuwa Gombe hakuna barabara, unakwenda kwa boti kutoka mjini, na mimi maji ya Ziwa Tanganyika nayaogopa kwa heshima zote. Jibu lake lilikuwa kunitafutia mwalimu wa kuogelea, binti mdogo anayefundisha asubuhi kabla watu hawajaamka. Nguo ya stara ya kuogelea nimenunua Kariakoo, elfu arobaini na tano baada ya kuvutana sana. Tunaanza Jumatatu. Kijana wangu hajaambiwa.