Nilivyoipata viola redioni

Juni 2020 nilikuwa London, nafanya usafi hospitalini zamu ya usiku. Asubuhi narudi kulala, saa saba mchana naamka, nawasha redio ya jikoni na kukanda unga wa chapati. Hapo ndipo nilipokutana na matangazo ya moja kwa moja ya BBC Radio 3, idhaa ya muziki wa kizungu wa zamani, kutoka Wigmore Hall, ukumbi uliofunguliwa mwaka 1901 na kampuni ya piano ya Kijerumani, Bechstein. Unachukua watu kama 550. Mwezi ule, kwa ajili ya korona, viti vilikuwa vitupu. Stephen Hough alifungua tarehe 1 kwa piano, nami nikanogewa.

Piano haikunipa tabu. Kilichonishinda baadaye ni kwarteti, wapigaji wanne: fidla mbili, viola, ambayo ni fidla kubwa kidogo yenye sauti ya chini zaidi, na selo, kubwa kuliko zote. Nimekulia Unguja, fidla si ngeni kwangu. Lakini fidla za taarabu huenda njia moja, zikimjibu mwimbaji; hizi kila moja ina njia yake, na mwimbaji hayupo. Redioni ni kazi zaidi, maana humuoni anayevuta upinde. Ikawa kila wakipiga nasikia vurugu tamu, nisijue nani kasema nini.

Nikampigia mjomba, aliyepiga fidla klabu ya taarabu miaka na miaka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza. Akasema, "Usitake kuzisikia zote. Shika moja, wende nayo mpaka mwisho. Wiki ya pili shika nyengine."

Nikaanza na selo, inayonguruma chini, hiyo haikukawia. Fidla ya kwanza inajitangaza yenyewe. Viola ndiyo iliyokuwa ikinitoroka. Imekaa katikati, na kila nikidhani nimeipata, kumbe ni fidla ya pili.

Mpaka walipopiga kwarteti ya mtunzi Haydn, ya tatu katika fungu lake liitwalo Opus 76. Kabla ya noti ya kwanza nikasikia pumzi, mtu anavuta hewa puani. Hawana kondakta, yaani mtu wa kuwaongoza kwa mkono, pumzi ile ndiyo ishara yao ya kuanza pamoja. Sehemu ya pili ni wimbo wa kumwombea dua Kaizari Franz, ulioimbwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1797, na ambao muziki wake leo ndio wa wimbo wa taifa wa Ujerumani. Haydn hakuubadilisha, aliwapokezanisha tu: fidla ya kwanza, kisha ya pili, kisha selo. Nikahesabu vidoleni, vimejaa unga. Aliyebaki ni mmoja.

Nikazima jiko, nikasogeza sikio redioni. Viola ikaingia na wimbo ule ule kwa sauti ya kifuani, kama mtu anayezungumza usiku wenziwe wamelala. Fidla ya kwanza ilipouchukua wimbo tena mwishoni, sikuifuata. Nilibaki na viola, kule chini yake, na safari hii haikunitoroka.